Gali Lisilo na Magurudumu

Scola alikuwa barazani akichambua maharage, lakini akili yake haikuwa kwenye maharage. Ilikuwa bafuni. Kila baada ya muda mfupi aliinua kichwa na kunusa. Kisha aliweka ungo chini, akaingia ndani, akasimama mlangoni mwa bafu, akanusa tena. Kisha akarudi. Maharage yale yale yalikuwa mbele yake tangu asubuhi, na sasa jua lilikuwa utosini.

"Mama Eufrazia, hebu tulia," alisema mumewe, Maduhu. "Hii ni mala ya tano unaingia."

"Inanuka?" Scola aliuliza.

Maduhu alitazama dirisha la chumba cha mkwewe. Akashusha sauti.

"Inanuka," alisema.

Katika nyumba ile herufi R ilikuwa adimu; Maduhu na mkwewe waliitamka L. Maduhu alizaliwa Usukumani, akahamia Runazi akiwa kijana. Alilima mahindi na maharage, akanunua pikapu kuukuu ya kubebea mazao kwenda sokoni Biharamulo. Pikapu hiyo aliiita "gali langu", na aliipenda kupita kiasi. Scola alikuwa akimtania kwamba siku moja atailaza kitandani.

Bafu la ndani lilijengwa mwaka jana. Lilijengwa kwa ajili ya mama mzazi wa Scola, Bibi Nshoma. Bibi aliteleza akaumia nyonga, na kuanzia hapo akawa anatembea kwa fimbo. Scola akaenda kumchukua Kishapu. Choo cha nje kilikuwa mbali kwa mguu ule. Maduhu akamwita fundi bomba, Marcel wa Murukulazo, kule Ngara. Fundi akaweka choo cha kukaa, sinki dogo la kunawia, na kitundu sakafuni cha kupitisha maji ya kuoga.

Maduhu mwenyewe hakuwahi kukanyaga humo. Yeye alilelewa hivyo: mama mkwe unamheshimu kwa umbali. Huli naye sahani moja, wala huingii anapooga. Kwa hiyo Maduhu na Scola waliendelea kuoga kwenye bafu la mabati nyuma ya nyumba. Binti yao Eufrazia alikuwa shule ya bweni. Bafu la ndani likabaki la Bibi peke yake.

Mambo yalikwenda vizuri hadi kiangazi kilipoanza. Mwezi wa saba ikaanza harufu. Ilianza kidogo, kama yai lililoharibika. Mwezi wa nane ilijaa ukumbini.

Scola hakukaa kimya. Alisugua sakafu kwa sabuni ya unga. Harufu ikabaki. Akamwaga dawa ya kuondoa madoa, na juu yake akamwaga dawa ya kusafishia choo. Macho yakamwasha, akatoka mbio huku akikohoa. Harufu ikabaki. Akachoma ubani, nyumba ikanuka ubani na harufu ile ile. Mwishowe akaliona lile bomba refu la nyuma ya nyumba lililopita juu ya bati. Mdomo wake ulikuwa wazi. "Harufu inatokea pale," akasema. Akapanda ngazi, akaliziba kwa kopo tupu la rangi. Siku iliyofuata harufu iliongezeka, naye hakuelewa kwa nini.

Maduhu naye alimpigia simu Marcel. Mtandao ulikuwa unakatika.

"Gari rina maji?" Marcel aliuliza. "Nilikuambia, gari risikose maji, hasa kiangazi!"

"Lina maji!" Maduhu alijibu kwa fahari. "Nimejaza leo hii asubuhi!"

"Basi rabda..." Simu ikakatika.

Tangu siku hiyo Scola alimchukia Marcel. Mtu anaulizwa habari za bafu, yeye anauliza habari za gari!

Ijumaa hiyo Scola aliacha maharage, akampelekea mama yake uji. Bibi Nshoma alikuwa ameketi kitandani. Midomo yake ilikuwa mikavu. Kikombe cha chai cha asubuhi kilikuwa mezani, kimejaa, chai imepoa. Kikombe cha maji cha jana nacho kilikuwa pale pale. Na karibu na mlango kulikuwa na mfuko wa nguo uliofungwa kwa kamba.

Scola aliweka uji mezani.

"Mama, mbona hunywi? Na huu mfuko ni wa nini?"

"Ukinywa sana, unakwenda sana chooni," alisema Bibi. "Mwanangu, niludishe Kishapu. Jumatatu kuna basi."

"Kishapu utakaa na nani? Nyumba ile haina mtu!"

"Nitakaa peke yangu. Halufu yangu nitaijua mimi tu."

"Harufu gani yako?"

Bibi aliinamisha uso.

"Mimi ni mzee, Scola. Mwili umechoka. Naoga, lakini halufu haitoki. Sasa hata kuoga nimeacha, najifuta na kitambaa humu humu. Na mkwe wangu anapita ukumbini, ananusa. Mkwe wangu! Bola nife kuliko mkwe kuninusa."

Kumbe mama yake alikuwa anajinyima maji kwa aibu! Kumbe wiki nzima vikombe vilikuwa vinarudi vimejaa, na yeye Scola alikuwa anashughulika na ubani! Alijikasirikia. Alimkasirikia Marcel zaidi. Akachukua kanga, akatoka bila kuaga.

Alijua pa kwenda. Kwenye gati la maji la kijiji, wanapochotea watu wote, kulikuwa na fundi mwanamke anayetengeneza koki. Jina lake Adelfina. Alikuwa amevaa ovaroli, ameinamia bomba na spana mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Adelfina.

"Marahaba. Mwanangu, bafu langu linanuka na mama yangu anataka kuondoka kwa sababu yake. Fundi aliyejenga ni mjinga. Anaitwa Marcel, sijui walimwokota wapi."

Adelfina aliweka spana chini.

"Marcel ni kaka yangu," alisema. "Ndiye aliyenifundisha hii kazi."

Scola alitamani ardhi ipasuke. Lakini Adelfina alicheka.

"Usijari, mama. Kama arikosea, nitakuambia arikosea. Nakuja kesho asubuhi. Rakini leo usimwage dawa yoyote. Umemwaga nini mpaka sasa?"

Scola alimtajia zile dawa mbili.

"Pamoja?" Adelfina alishtuka. "Hizo hazichanganywi kabisa! Zikikutana zinatoa hewa ya sumu. Ungeweza kuanguka humo ndani, na mrango umefungwa. Una bahati ulikimbia."

Jumamosi asubuhi Adelfina alifika na mfuko wa vifaa. Maduhu alikuwa uani, amefungua boneti, anamimina maji kwenye rejeta ya pikapu. Kila Jumamosi alifanya hivyo, bila kukosa. Bibi Nshoma alikuwa ameketi barazani juu ya kigoda, uso ameugeuzia ukutani.

Adelfina alimsalimia Bibi kwanza. Kisha hakukimbilia kufungua kitu chochote. Alianza kwa maswali.

"Inanuka zaidi saa ngapi? Nani anaoga humo? Harufu ilianza rini?"

Scola alijibu yote. Lakini hakuweza kusimama mahali pamoja. Alizunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Si uanze kufungua tu?" alisema.

"Harufu ni kama mwizi," alisema Adelfina. "Ukipiga kelele nyumba nzima, humkamati. Lazima ujue amepitia mrango upi. Bafu hili lina matundu matatu. Choo, sinki, na kitundu cha sakafuni. Tunaziba yote matatu."

Walifungua dirisha kwanza hadi bafu likapata hewa. Wakafunika choo kwa nailoni. Wakaziba tundu la sinki kwa nailoni na gundi ya karatasi. Kwenye kitundu cha sakafuni waliweka nailoni, na juu yake mfuko mdogo wa mchanga. Kisha wakafunga dirisha na mlango.

"Tunasubiri saa moja," alisema Adelfina. "Bibi, katika hiyo saa moja usiingie. Kaa hapa nje na mimi."

Saa hiyo moja ilikuwa ndefu kwa Scola. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Alihamisha ndoo, akazirudisha. Adelfina alikunywa chai yake taratibu bila wasiwasi wowote.

Saa ilipotimia waliingia. Bafu halikunuka. Adelfina akafungua choo, akasubiri kidogo, akanusa. Hakuna kitu. Akafungua sinki. Hakuna kitu.

"Tazama chini ya sinki," alimwambia Scola. "Unaona bomba limekunjwa kama herufi U? Maji yanabaki kwenye ule mkunjo. Yale maji ndiyo mrango. Hewa chafu ya karo, rile shimo ra maji machafu, inapanda, inakuta maji, haipiti. Choo nacho kina maji yake, unayaona. Sasa tuone sakafuni."

Aliondoa mchanga. Aliondoa nailoni. Harufu ikapanda, kali, ikawapiga usoni. Scola akaziba pua. Adelfina hakuziba pua. Alikwenda barazani, akapiga goti mbele ya Bibi Nshoma.

"Bibi, naomba uje unuse."

"Mimi?" Bibi alitikisa kichwa. "Niache, mjukuu wangu."

"Njoo tu. Nakushika mkono."

Bibi alikuja na fimbo yake, hatua kwa hatua, hadi mlangoni mwa bafu.

"Umeingia humu tangu asubuhi?"

"Sijaingia."

"Mimi nimekaa na wewe nje saa nzima. Umenuka?"

Bibi alinusa bega lake mwenyewe.

"Hukunuka, Bibi. Tumeziba kitundu, harufu hakuna. Tumefungua kitundu, harufu ipo. Na wewe hukuwepo. Sasa harufu ni ya nani?"

Bibi alikitazama kile kitundu kwa muda mrefu. Kilikuwa kidogo, kipana kama kiganja cha mtoto.

"Ya shimo," alisema polepole.

"Ya shimo," alisema Adelfina.

Scola aliona mama yake anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Machozi yalimlengalenga yeye mwenyewe. Lakini hakutaka kulia wakati kazi haijaisha.

"Kumbe kaka yako alisahau kuweka mkunjo hapa!" alisema kwa hasira.

"Hakusahau. Mkunjo wa maji ya kuoga uko nje," alisema Adelfina. "Twende tukaone gari."

Maduhu, aliyekuwa amesimama mbali kwa heshima, alisikia neno hilo. Uso ukamng'aa. Hatimaye mtu alitaka kuona gari! Aliwaongoza hadi kwenye pikapu, akafungua boneti tena.

"Gali hili hapa," alisema. "Maji yamejaa. Kila Jumamosi najaza, kama fundi alivyoniagiza. Lejeta haijakauka hata siku moja."

Adelfina alitazama rejeta. Akamtazama Maduhu. Akatazama tena rejeta.

"Baba," alisema, "hiri ni gari."

"Ndiyo, gali."

"Siyo gari hiri. Gari! Gari ra maji machafu! Kijisanduku cha zege nyuma ya bafu!"

Scola alielewa kabla ya mumewe. Alishika kiuno, akaanza kucheka, hakuweza kusimama.

"Gali!" alisema. "Baba Eufrazia, anasema *gali*! Mafundi wana kitu kinaitwa gali. Wao wakisema, linasikika gari. Na wewe gari lako unaliita gali!"

Maduhu alibaki mdomo wazi.

"Kwa hiyo Malcel aliposema gali lisikose maji..."

"Hakuwa anasema pikapu!"

"Mwaka mzima nimenywesha gali ambalo siyo?"

Hata Bibi Nshoma, aliyekuwa amerudi barazani, alisikika akicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi. Adelfina naye alicheka hadi akajifuta macho.

"Ninyi mnageuza R, sisi tunageuza L," alisema. "Hapo katikati nyumba imenuka."

Walikwenda nyuma ya bafu. Ukutani, chini, kulikuwa na ubao mkuukuu. Adelfina alivaa glavu, akauinua. Chini yake kulikuwa na kijisanduku cha zege, kipana kama ndoo. Kutoka ukutani lilitokeza bomba la maji ya kuoga. Chini ya kijisanduku kulikuwa na bomba jingine lililokunjwa kama herufi U, linaloelekea kwenye karo. Mkunjo ule ulikuwa mkavu kabisa. Buibui alikuwa ametanda humo.

"Hiri ndilo gali," alisema Adelfina, akijitahidi kuitamka L. "Maji ya kuoga yakipita kila siku, mkunjo unajaa wenyewe. Rakini humu anaoga mtu mmoja, kwa maji kidogo. Wiki hizi hajaoga humo kabisa. Na ni kiangazi. Maji yamekauka, mrango umefunguka, hewa ya karo inaingia ndani."

"Je, kalo lenyewe limejaa?" Maduhu aliuliza. "Ngoja nifunue nitazame. Nina kibiliti."

"Hapana!" Adelfina alimshika mkono. "Usiwashe moto karibu na karo! Ile hewa inashika moto. Na usiingize kichwa, wala usiingie. Watu wanapoteza fahamu humo, na anayeingia kuwaokoa naye anaanguka. Karo ni kazi ya watu wenye vifaa."

Maduhu alirudisha kibiriti mfukoni polepole.

Adelfina alitoa majani na matope kwenye gali. Alimwaga ndoo mbili za maji. Maji yakapita, mengine yakabaki kwenye mkunjo, yametulia. Scola alitaka kushangilia.

"Bado," alisema Adelfina. "Mama, ingia ndani umwage ndoo chooni."

Scola akamwaga. Nje, gali likatoa sauti: glu, glu, glu. Maji ya mkunjo yakarukaruka, kisha yakanyonywa. Mkunjo ukabaki na maji kidogo tu. Harufu ikarudi.

Scola alitoka mbio. Alipouona mkunjo, alibwaga ndoo chini.

"Sasa nini tena? Jumatatu ni kesho kutwa!"

"Karo linatafuta hewa," alisema Adelfina. "Maji mengi yakishuka bombani, yanavuta hewa nyuma yake. Yakiikosa juu, yaani kwenye bomba ra hewa, yanaivuta hapa, na maji ya mkunjo yanakwenda nayo. Bomba renu ra hewa riko wapi?"

Aliinua macho. Maduhu naye aliinua macho. Juu ya bomba refu, kopo la rangi lilikuwa limekaa kama kofia.

"Nani kaweka kopo?" Adelfina aliuliza.

Scola alitazama vidole vya miguu yake.

"Mimi," alisema. "Nilidhani harufu inatokea pale."

"Inatokea pale, ndiyo kazi yake," alisema Adelfina. "Inatokea juu, upepo unaichukua. Wewe umemfungia mwizi ndani ya nyumba."

Maduhu alicheka kuliko wote. Hatimaye kosa halikuwa la gari lake peke yake. Alipanda ngazi, akaliondoa kopo. Mahali pake akafunga kipande cha wavu wa dirishani, ili ndege na nyigu wasijenge humo. Adelfina akajaza gali tena. Scola akamwaga ndoo chooni. Safari hii maji ya mkunjo yalitikisika kidogo tu, yakatulia.

"Acheni dirisha wazi leo," alisema Adelfina akifunga mfuko wake. "Fueni mapazia, yameshika harufu. Na kila wiki mwageni ndoo moja kwenye gali, hata kama hakuna aliyeoga. Mvua ikinyesha au kiangazi kikiwa kikali, ni ndoo moja tu."

"Msalimie Marcel," alisema Scola kwa aibu. "Mwambie namwomba radhi."

Jioni ile Scola hakutulia. Alinusa. Alinusa mapazia, alinusa sakafu, alinusa hata mikono yake. Jumapili, waliporudi kanisani, aliingia bafuni kabla ya kuvua viatu. Alisikia harufu ya sabuni na ya saruji yenye unyevu. Alitoka, akaingia tena ili ahakikishe. Hakuna kitu.

Lakini mfuko wa mama yake bado ulikuwa mlangoni, umefungwa kwa kamba. Bibi alikuwa amekunywa nusu kikombe tu.

"Mama, umejionea mwenyewe. Haikuwa wewe."

"Najua, mwanangu. Lakini mkwe wangu je? Yeye hakuwa mlangoni. Hakunusa kile kitundu. Atajuaje?"

Maduhu angewezaje kumwambia mkwewe habari za bafu? Hakuna namna. Hilo halisemeki. Usingizi wa Scola ulikuwa wa kuvunjika vunjika.

Jumatatu kulipokucha, Scola alimkuta mama yake amevaa nguo za safari, fimbo mkononi. Pikapu ilikuwa uani. Maduhu ndiye angempeleka Biharamulo kwenye basi. Scola alisimama katikati ya chumba, hajui ashike mfuko au aufiche.

Ndipo waliposikia maji.

Yalisikika nje, nyuma ya ukuta wa bafu. Ndoo ilimiminwa polepole, kwa uangalifu. Kisha ikawekwa chini. Kisha sauti ya Maduhu ilipita dirishani, naye akiwa amesimama upande wa pili wa ukuta, asionekane, kama heshima inavyotaka.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mkwewe kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka," Bibi alijibu kwa mshangao.

"Mayu, nina magali mawili sasa," alisema Maduhu. "Moja lina magulududu... magulu... lina mataili. Hili jingine halina. Hili linakaa nje ya ukuta, kwa hiyo mkwe anaweza kulitunza bila kukosa adabu. Halikunyweshwa kiangazi chote, likanuka. Kosa ni langu mimi. Kuanzia leo nalinywesha mimi, kila Jumamosi. Lakini nikimwaga mimi, na humo ndani asioge mtu, nitakuwa nimejenga bafu la buibui."

Bibi Nshoma alikaa kitandani polepole. Alishika fimbo kwa mikono miwili, akaitazama sakafu.

"Mkwe," Bibi aliita mwishowe.

"Naam, mayu."

"Limekunywa likashiba?"

"Limeshiba, mayu."

Bibi aliusukuma mfuko kwa fimbo hadi chini ya kitanda. Kisha akamgeukia binti yake.

"Basi mbona mimi sijaletewa kitu? Leta uji, Scola. Na maji ya kuoga, ndoo nzima."